Watoto Toronto bila kiingilio: saa ya hadithi, EarlyON, klabu ya kiangazi au pasi ya makumbusho?

Simu huanza vilevile kila mwaka, mwezi wa Novemba, theluji ya kwanza ikishaanguka. Mtu amefika Toronto juzijuzi kutoka Goma, Bujumbura au Tanga, yuko ghorofa ya kumi na moja na watoto watatu, na sofa imeshavunjika mguu. "Dada, hawa watoto wamenishinda. Hakuna mahali pa kuwapeleka pasipo kiingilio?"

Papo, tena pengi. Maktaba ya umma ya Toronto ina matawi 100, na shughuli zake za familia hazitozwi hata senti. Kazi inaanza mtu akifungua ratiba: majina chungu nzima, umri mbalimbali, siku mbalimbali, nyingine za kujiandikisha, nyingine za kuingia tu. Anaizima simu, watoto wanarudi kuruka juu ya sofa.

Nimezipitia nyingi ya shughuli hizo na wanangu wawili, mkubwa wa miaka minane, mdogo miwili na nusu. Kipimo changu nakisema mapema ili ujue naegemea wapi: naangalia ni ipi inayonirudisha nyumbani na kitu cha kufanya na mtoto kwa Kiswahili. Kiingereza atakipata darasani, kwenye basi na kwa wenzake, utake usitake. Kiswahili hana pa kukipatia ila mdomoni mwangu. Kama wewe unachotaka ni mtoto achoke alale mapema, jibu lako pia limo humu.

Kadi kwanza, kwa ufupi. Ni ya bure kwa anayeishi, anayefanya kazi au anayesoma Toronto, na mtoto anapata yake mzazi akimdhamini. Unaruhusiwa kuwa na vitu hadi 50 kwa pamoja. Faini za kuchelewesha zilifutwa, kwa watoto mwaka 2021 na kwa watu wote mwaka 2022, kwa hiyo ile hofu ya "tutakuja kudaiwa" iweke kando. Utalipa kitabu kikipotea au kikiharibika. Saa ya hadithi ya kuingia tu huulizwi hata kadi.

Mtoto ambaye hajaanza shule: saa ya hadithi au EarlyON?

Hapa ndipo wazazi wengi wanapogawanyika, na ndipo uchaguzi una uzito zaidi.

Saa ya hadithi ya maktaba imegawanywa kwa umri. Ratibani utaona Baby Time, ya watoto hadi miezi 18. Toddler Time, ya miezi 19 hadi 35. Na Family Time, ya wote hadi miaka mitano, ambayo ndiyo ya kwenda ukiwa na wawili wa umri tofauti. Inaitwa saa, lakini ni kama nusu saa hivi.

Nikueleze inavyokuwa. Watoto na wazazi wanakaa chini kwenye zulia, mduara. Mkutubi ameketi kwenye kiti kifupi, pembeni yake ubao uliofunikwa kitambaa ambao picha zinanata: bata watano, kisha wanne, kisha watatu, kadiri wimbo unavyokwenda. Anasoma kitabu kimoja au viwili vifupi, na muda uliobaki wote ni nyimbo za vidole, makofi na magoti. Anagawa vitambaa vyepesi vya rangi, watoto wanavirusha juu na kuviangalia vikishuka. Wiki ijayo nyimbo ni zilezile. Mara ya kwanza nilidhani ni uvivu. Wiki ya nne mdogo wangu, ambaye kule ndani hakuwa amefungua mdomo hata siku moja, alikaa kwenye beseni la kuogea akahesabu bata kwa vidole mpaka wakaisha. Nikajua kwa nini hawabadilishi.

Siku moja katikati ya wimbo yule mkutubi alinyamaza, akatugeukia sisi wazazi, akasema: huu wimbo mkifika nyumbani uimbeni kwa lugha yenu. Nilikuwa nimekaa miaka miwili nikidhani nikimsemesha mtoto Kiswahili namchelewesha shule, kwa sababu mtu mmoja wa ofisi aliwahi kuniambia hivyo uso kwa uso na nikamwamini. Mafunzo wanayopewa wakutubi wa watoto katika Amerika ya Kaskazini yamejengwa juu ya mambo matano ambayo mzazi anaweza kuyafanya kila siku: kuzungumza, kuimba, kusoma, kuandika na kucheza. Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai Kiingereza. Mtoto anayejua kitabu kinashikwaje, kinafunguliwa upande gani, na kwamba neno lina vipande vinavyoweza kupigiwa makofi, atayabeba hayo hadi darasani kwa lugha yoyote. Jioni ile tulipiga makofi ya ki-pe-pe-o na pa-pa-si na sam-a-ki hadi jirani wa chini akagonga dari. Samaki niliikata vibaya, ni sa-ma-ki, na aliyenirekebisha ni mkubwa.

EarlyON ni kitu kingine kabisa. Ni vituo vya mkoa wa Ontario kwa watoto tangu kuzaliwa hadi miaka sita, navyo ni vya bure. Vingine viko ndani ya shule, vingine katika vituo vya jamii. Wanaoviendesha ni walimu waliosomea malezi ya watoto wadogo. Ukumbi una meza ya mchanga, meza ya maji, rangi, matofali ya mbao, jiko la kuchezea, na unaweza kukaa asubuhi nzima. Mzazi au mlezi habanduki. Huwezi kumwacha mtoto ukaenda zako dukani.

Ukiviweka bega kwa bega, EarlyON inashinda kwa muda. Kumvalisha mtoto wa miaka miwili suruali ya theluji, buti, glovu na kofia kunakula dakika ishirini, na kwenda kwa ajili ya nusu saa tu kunaweza kukuudhi. Inashinda pia kwa mtoto asiyekaa chini. Kuna mtoto ambaye mduara ni adhabu kwake; anakimbilia mlangoni, mama anamkimbiza, wote wawili wanarudi nyumbani wamenuna. Huyo mpeleke kwenye mchanga. Kisha kuna upweke, na hili nalisema kwa sababu limenipata. Mama aliyetoka kwenye nyumba ya shangazi, wifi na majirani, akajikuta peke yake na kichanga katika fleti, anahitaji watu wazima wa kuzungumza nao kuliko anavyohitaji wimbo wa bata. EarlyON utapata saa mbili za kukaa na mama mwingine watoto wakimwaga maji. Kwenye saa ya hadithi mnaimba, mnaaga, mnaondoka.

Lakini nikirudi kwenye kipimo changu, maktaba inashinda. Kutoka EarlyON nilikuwa narudi na mikono ya sweta iliyolowa na mtoto aliyelala kwenye kigari. Kutoka maktaba narudi na wimbo mmoja, mchezo mmoja wa vidole na vitabu kumi chini ya kigari, na wiki nzima nina cha kumgeuzia kwa Kiswahili.

Kwa hiyo: mtoto chini ya miezi 18, nenda maktaba. Mtoto anayetembea na hatulii, EarlyON mara mbili kwa wiki na maktaba mara moja, na usivunjike moyo mduara ukimshinda mwezi wa kwanza. Mtoto anayekaribia kuanza chekechea, ambayo Ontario wanaianza mwaka wanaotimiza miaka minne, mrudishe kwenye mduara hata kama anapenda mchanga, kwa sababu ndivyo atakavyokalishwa darasani.

Onyo moja. Kuna vyumba vidogo na idadi ina kikomo. Tulishawahi kufika tawi moja asubuhi ya baridi kali, dakika mbili kabla ya kuanza, tukaambiwa pamejaa. Mdogo alishawaona watoto wenzake kupitia kioo cha mlango. Kilio chake nakisikia mpaka leo. Tangu hapo napiga simu siku moja kabla kuuliza kama ni ya kujiandikisha, na nafika robo saa mapema.

Na nauli, maana "bure" isiyo na nauli haipo kwa anayeishi mbali. Kwenye mabasi na treni za TTC watoto hadi miaka 12 hawalipi. Mtu mzima akigonga kadi ya PRESTO anapata muda wa saa mbili wa kupanda na kushuka kwa nauli ileile. Tawi likiwa ndani ya dakika ishirini na tano, unakwenda, mnaimba, mnachagua vitabu na mnarudi kwa nauli moja. Kwa EarlyON, ukikaa asubuhi nzima, hesabu mbili.

Mtoto wa shule: klabu ya jioni, msaada wa kusoma au klabu ya kiangazi?

Klabu za baada ya shule nitazipita haraka. Ni za watoto wa miaka 6 hadi 12, mara moja kwa wiki katika matawi mengi: siku moja gundi na karatasi, siku nyingine roboti ndogo au majaribio ya sayansi. Mtoto anafurahi. Faida kubwa, kwa maoni yangu, ni kwa mzazi anayehitaji mahali salama pa kukaa na mtoto kuanzia saa kumi jioni, baridi ikiwa nje. Likizo ya Machi ni hivyohivyo, ila pamejaa zaidi.

Leading to Reading ni jambo zito zaidi. Mtoto wa shule ya msingi ambaye kusoma kunamsumbua anapangiwa mtu mmoja wa kujitolea, wanakaa wawili, wanasoma na kucheza michezo ya maneno. Kama mwalimu amekuandikia kwamba mwanao yuko nyuma katika kusoma, acha klabu ya roboti, omba nafasi hapa, na omba mapema kwa sababu nafasi ni chache. Kwa watoto waliokuja wakiwa na miaka saba au minane, waliokwisha kujua kusoma Kiswahili au Kifaransa, nimeona mpango huu unafanya kazi haraka sana. Herufi wanazijua, wanachokosa ni mtu wa kuwasikiliza wakikosea bila kuwacheka.

Sasa klabu ya kiangazi, TD Summer Reading Club. Hii ndiyo ningemshika mzazi mkono nimpeleke mwenyewe. Inafanyika Kanada nzima, na waliobuni ni Maktaba ya Umma ya Toronto. Mtoto wa hadi miaka 12 anajiandikisha shule zinapofungwa, anapewa daftari dogo, na kadiri anavyosoma anaongeza stika. Kusoma kwa namna yoyote kunahesabiwa: katuni, kitabu cha kusomewa, gazeti.

Stika zenyewe ni karatasi tu. Mwaka jana mkubwa wangu alifika mezani na kitabu cha hadithi cha Kiswahili tulichotumiwa kutoka nyumbani, jalada limekunjamana kwa safari. Kijana wa kujitolea aliyekuwa zamu alimwuliza kinahusu nini. Mtoto akaanza kwa Kiingereza, akafika mahali fisi anapotumbukia kisimani, Kiingereza kikamwishia. Akaeleza kwa mikono. Yule kijana akamwambia amfundishe neno la Kiswahili la yule mnyama, akalirudia mara tatu, "fisi, fisi, fisi", kisha akampa stika. Mwanangu alitoka pale amenyanyua shingo kama twiga. Kwa wiki iliyofuata alisoma vitabu vya Kiswahili vinne, na mimi ndiye niliyekuwa namsihi alale.

Ukilinganisha na kambi za kiangazi za kulipia, ambazo ukiwa na watoto watatu zinameza mshahara, klabu hii haikuondolei mzigo wa malezi. Mtoto hashindi pale. Mzazi anayekwenda kazini saa moja asubuhi bado atahitaji mtu wa kukaa naye, na hilo lazima lisemwe wazi. Lakini katika miezi miwili ambayo shule imefungwa na kusoma kunasahaulika, hakuna kitu kingine cha bure ninachokijua kinachomfanya mtoto afungue kitabu bila kugombezwa.

Pasi za makumbusho: zinafaa lini?

Maktaba ina pasi inayoitwa MAP. Kwa kadi yako ya maktaba unajipatia kiingilio cha bure cha familia katika makumbusho na majumba ya sanaa ya jiji, ikiwemo Royal Ontario Museum, Aga Khan Museum na Bata Shoe Museum. Kwa familia ya watu watano, kiingilio cha Royal Ontario Museum ni fedha inayouma, kwa hiyo ukiipata pasi umepata kweli. Shida ni kuipata. Zinazopendwa zinachukuliwa haraka, na huwezi kuahidi watoto Jumatatu kwamba Jumamosi mtakwenda.

Kwa hiyo pasi naiweka kwenye fungu la sikukuu, siyo la kila wiki. Usiitumie pasi yako kwa ajili ya vijana kwenye Art Gallery of Ontario. Tangu 2019 mtu wa miaka 25 kushuka anaingia bure pale hata bila maktaba. Ukiwa na bahati ya kuchagua, na mko na watoto waliokulia kwenye nyumba ya mikeka, majamvi na maandishi ya Kiarabu ukutani, wapeleke Aga Khan Museum. Wataona nakshi, vyombo na misahafu ambavyo babu yao angevitambua, na wewe utakuwa na la kusimulia badala ya kusoma vibao tu.

Tawi la karibu au tawi zuri?

Kuna matawi ambayo ukiingia unasema kweli hawa watu wamejenga. Tawi la Albion, kule Rexdale, lilifunguliwa upya mwaka 2017, lina mwanga na rangi hadi kwenye dari, na liko katikati ya mtaa wenye familia nyingi zilizohamia. Fort York na Scarborough Civic Centre yana vyumba vya teknolojia, mkubwa akionyeshwa mashine inayochapa vitu vya plastiki hutamtoa.

Hata hivyo, kwa shughuli ya kila wiki chagua tawi la karibu, hata kama ni chumba kimoja pembeni ya duka la viatu. Januari utaenda kule unakoweza kufika kwa miguu. Mkutubi wa tawi dogo anajua jina la mtoto wako wiki ya tatu. Na katika matawi kadhaa wapo wafanyakazi wa kusaidia wahamiaji, bure pia, ambao utawauliza habari za fomu, shule na daktari ukiwa na mtoto mkononi. Nimewaona akina mama wakimaliza shida ya miezi mitatu kati ya wimbo wa kuaga na kufunga buti.

Vijana wasikusumbue kichwa kuwatafutia pa kwenda. Baadhi ya matawi yana vituo vyao vya baada ya shule, vyenye msaada wa masomo na vitafunwa. Tena Ontario mwanafunzi wa sekondari hahitimu bila saa 40 za kujitolea, na kikundi cha ushauri cha vijana kwenye maktaba kinahesabiwa. Aliyempa mwanangu stika ya fisi huenda alikuwa anatafuta saa zake.

Tawi moja tu ningekuambia ulivukie jiji, mara moja kwa mwaka. Ni Lillian H. Smith, kwenye barabara ya College. Limepewa jina la mkutubi aliyeajiriwa Toronto mwaka 1912, wa kwanza katika Dola ya Uingereza aliyesomea kazi ya maktaba kwa watoto; yeye ndiye aliyezijenga saa za hadithi za jiji hili. Ghorofa ya nne kuna mkusanyiko wa vitabu vya watoto vya kale ulioanzia kwenye zawadi ya vitabu kama 2,000 mwaka 1949, na humo imo hati ya karne ya 14 ya ngano za wanyama. Lakini watoto hawatafika ghorofa ya nne upesi. Mlangoni wamekaa wanyama wawili wakubwa wa shaba wenye mabawa, mmoja mwenye kichwa cha simba, mwingine mwili wa simba na kichwa cha tai.

Tulikwenda Jumamosi, saa nne asubuhi. Tanga ilikuwa saa kumi na mbili jioni, bibi yao ameshaoga anasubiri magharibi. Mkubwa akampigia simu ya video, akamwelekezea yule mwenye kichwa cha tai. Bibi akasogeza uso mpaka tukaona paji tupu.

"Hilo zimwi au ndege?"

"Sijui, bibi. Yote mawili."

"Haya kaa hapo miguuni kwake. Paukwa!"

Wote wawili wakakaa kwenye ngazi za baridi, na mdogo, ambaye kwenye mduara haitikii kitu, akaitika kwa nguvu hadi mtu aliyekuwa anapita akageuka: "Pakawa!"